Kikombe Chenye Picha ya Moyo

Alhamisi, baada ya magharibi. Mvua iliyotutishia tangu asubuhi imekwenda kunyeshea watu wengine, na joto limebaki humu ndani nami. Nimechoka hadi kope.

Leo niliomba ruhusa kazini nikampeleke baba kliniki.

Miezi kadhaa nyuma daktari alimwambia mafuta yamezidi katika damu yake, aache samli na malai kabla moyo haujamgomea. Baba ni mfugaji, Mkongani huko. Tangu aolewe, kila asubuhi mama alikuwa akichemsha maziwa, akiyaacha yatulie, kisha akiengua malai, ule utando mzito wa juu, na kumtilia baba kwenye chai. Sisi watoto tulikuwa watazamaji tu. Wazee wangu hawa hawajuani na maneno matamu, sijapata kuwasikia. Walikuwa na malai.

Basi mama aliacha. Asubuhi ya kwanza alisimama jikoni na kijiko mkononi, hajui akipeleke wapi. Niliingiwa na huruma, na mimi nikiingiwa na huruma lazima nijitie kwenye jambo.

Nafanya kazi katika duka kubwa hapa Diani, upande wa friji za maziwa. Tuna yogati yenye picha ya moyo mwekundu, mwanamke mwembamba anakimbia ufukoni, na maandishi manene: BILA MAFUTA. Juu ya friji pana bango linalosema moyo wako utakushukuru. Nikaona dawa ya nyumbani kwetu hii hapa. Kila nikienda Mkongani nikawa nabeba vikombe. Mama alifurahi kupata tena kitu cha kumpa mumewe.

Leo kliniki walitaka kuona dawa zote anazotumia. Mama akafungua kikapu, akatoa vidonge. Kisha akatoa kitambaa kibichi, akakikunjua taratibu, na ndani yake mlikuwa na kikombe cha yogati.

"Hii nayo ni dawa, mama?" daktari akauliza.

"Ndiyo, baba. Ya moyo. Nampa kutwa mara tatu, wala sijamkosesha hata siku moja."

"Aniletea binti yangu huyu," baba akaongeza, akinionyesha kwa kidevu. Alijivuna. Natamani asingejivuna.

Daktari hakucheka, Mungu ambariki. Alikigeuza kikombe, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma, kisha akatazama majibu ya vipimo. Sukari ya baba imepanda, na mara ya mwisho haikuwa hivyo. Alitueleza kwa upole kwamba mafuta kweli hayamo, ila sukari iliyomo humo ni nyingi, na mtu akila hivyo asubuhi, mchana na jioni, mwili hauwezi kunyamaza. Inaweza kushuka tukiwahi, akasema. Isiposhuka, baba atakuwa na maradhi mawili badala ya moja.

Mimi najua kusoma. Vikombe vile hupita mikononi mwangu kila siku, na ndimi nivipangaye, picha mbele. Sijawahi kukigeuza hata kimoja.

Nimeona haya. Pia nimekasirika, na hasira yangu haina pa kwenda, kwa sababu hakuna neno la uongo kwenye kikombe kile. Mafuta hayamo. Wamesema kweli wanayoitaka, kwa herufi kubwa.

Tuliporudi Mkongani mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Sasa nimpe nini?"

Nilimtajia mboga, maji, maziwa kidogo yaliyoenguliwa. Aliitikia kila neno, na uso wake haukubadilika.

Kisha akatenga chai ya rangi, haina maziwa wala sukari. Baba, kwa mazoea tu, akamnyooshea kikombe atiliwe malai. Mama akakipokea, akakitazama, akamrudishia vilevile. Baba akanywa. "Imekolea majani," akasema. Hiyo kwa baba ni sifa kubwa sana, na mama alijua. Mimi nikatoka nje kujifanya naangalia ndama.

Sasa niko chumbani kwangu na miguu imevimba. Asubuhi nitasimama tena mbele ya ile friji, na atakuja mama wa watu ambaye herufi ndogo hazioni, aniulize, mwanangu, hii yafaa kwa moyo? Huja kila siku, na kila siku nimekuwa nikimjibu ndiyo.

Bango siwezi kulishusha, si langu. Lakini vikombe navipanga mimi. Kesho nitavipanga vyote mgongo mbele, maandishi madogo yaonekane, na asiyeyaona nitamsomea. Msimamizi akija juu nitamwambia nilikuwa nimechoka, sikuangalia.

Kuchoka, angalau, si uongo.