Kilichokutwa Ndani ya Vifurushi vya Vitabu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, Jumatatu alasiri.

Shahidi: Mwanamke, miaka 64, anayejulikana mtaani kwa jina la Mama Chaki.
Kazi: Mwalimu mstaafu. Sasa anauza vitabu vilivyotumika kwa njia ya mtandao.
Makazi: Vyumba viwili nyuma ya kibanda cha fundi viatu, mtaa wa nyuma ya soko.
Uhusiano na mtuhumiwa: Mke wake.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu, sikuitwa na mtu. Nimeambiwa niseme ukweli, nami nimefundisha watoto kusema ukweli kwa zaidi ya miaka thelathini, hivyo nisingependa kukumbushwa mara ya pili.

Mtuhumiwa ni mume wangu. Ni fundi viatu, na mimi humwita Fundi kama watu wote wanavyomwita. Zamani alikuwa akishona viatu vipya kabisa, kuanzia ngozi hadi soli. Mwaka juzi alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, na daktari akasema usitarajiwe kushona tena. Tangu hapo anabandika soli na kupaka rangi tu. Sindano alizitia kwenye kopo, akaniambia, "Mwalimu, hii kazi imeniaga." Siku hiyo alilia nyuma ya kibanda. Nilimwona, na mpaka leo sijamwambia.

Nilipostaafu nilianza kuuza vitabu kwa simu. Napiga picha jalada, naeleza hali ya kitabu bila kuficha. Kama kimeliwa na mende, naandika kimeliwa na mende. Mteja akilipa, tunafunga, tunapeleka posta. Posta wana nauli nafuu ya vitabu, nami wamenipa kibali cha kuitumia, na bila nauli hiyo gharama ya kutuma inakipita kitabu chenyewe. Mtu akininyang'anya kibali hicho, amenifungia duka.

Masharti yake yamenitoa jasho, kwa hiyo nayajua. Kitabu kilichochapwa kinastahili, kiwe kipya au kikuukuu. Ramani inastahili, nota za muziki zinastahili, na diski ya masomo pia. Daftari tupu halistahili. Nilibishana na karani kwamba daftari ni kitabu kinachosubiri kuandikwa, akanijibu, "Basi mama, na sisi acha tulisubiri. Likishachapwa lilete." Nikalirudisha daftari mkobani. Michezo ya watoto haistahili, hata kama ina maandishi. Bidhaa nyingine yoyote haistahili. Barua nayo haistahili: ukichomeka humo kikaratasi cha salamu, kifurushi kizima kinahamia nauli ya kawaida.

Haya yote nilimweleza Fundi, maana kufunga vifurushi ni kazi yake. Kwa mkono wa kushoto na meno anafunga fundo ambalo mimi siwezi kulifungua. Jioni nilikuwa namsomea ujumbe wa wateja huku akifunga, kwa sababu wanunuzi wa vitabu wanapenda kuzungumza. Muuguzi akinunua riwaya, atakwambia anasimama zamu nzima na riwaya ndiyo inayompumzisha. Fundi alikuwa akisikiliza sana. Jioni moja aliniuliza, "Huyu nesi tunamjibu nini?" Nikamwambia, "Ndani ya kifurushi hatujibu kitu. Barua ni marufuku. Hata neno moja." Akasema sawa. Mume wangu akisema sawa bila kubisha, mke mwenye akili anapaswa kwenda kuchungulia. Mimi nilikwenda kulala.

Leo Jumatatu, mnamo saa nne asubuhi, tulifika posta tukiwa na vifurushi vinne. Fundi alitia sahihi tamko kwamba ndani mna vitabu tu. Zamu hiyo alikuwepo mkaguzi wa vifurushi. Ni kijana mwenye adabu, sina ugomvi naye. Aliona kifurushi kimoja kimetuna kuliko kitabu kilichotajwa, akakifungua mbele yetu kama anavyoruhusiwa.

Kilikuwa cha yule muuguzi. Chini ya riwaya alikuta jozi ya soli laini za ndani, zimekatwa vizuri. Akafungua cha pili, cha dereva wa malori aliyelalamika kwamba viatu vyake havifungiki. Humo mlikuwa na ramani na kamba za viatu. Cha tatu kilikuwa cha bwana mmoja aliyenunua kitabu cha kujiandaa kwa usaili wa kazi. Humo mlikuwa na kopo la rangi nyeusi ya viatu, pamoja na kitambaa cha kung'arishia.

Watu kwenye foleni walianza kurefusha shingo. Mkaguzi akauliza, "Mzee, hizi ni bidhaa. Ni za nani?"

Nikasema, "Ni zangu."

Fundi akasema, "Muongo huyo. Ni zangu. Soli nimezikata kwa mkono wangu."

Ukitaka mtu ajitie kitanzi mwenyewe, muulize Fundi kuhusu kazi yake. Mkaguzi akamuuliza kama hakujua kwamba bidhaa haziruhusiwi. Akajibu, "Bidhaa inauzwa. Mimi sijauza kitu." Akaulizwa, basi vitu hivi ni nini? Hakumtazama mkaguzi, alinitazama mimi. Akasema, "Mwalimu, ulisema tusiandike hata neno moja. Sikuandika."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa Fundi, kiatu hakirudi kwa mwenyewe bila nyongeza: kamba mpya, au rangi kidogo ya kwenda kupaka nyumbani. Ndivyo alivyolelewa na fundi aliyemfundisha kazi, na ndivyo anavyosema asante. Nilimkataza maneno, naye akatii. Nilikasirika kiasi cha kutaka kumpiga kwa mkoba, na papo hapo nilimpenda kuliko siku aliyonioa. Naomba yote mawili yaandikwe.

Mkaguzi alisema utaratibu unamlazimu kuripoti, kwa sababu tamko limetiwa sahihi na si kifurushi kimoja. Cha nne hakikufunguliwa pale. Kililetwa hapa kituoni kama kielelezo, na mume wangu akaletwa pamoja nacho.

Afande anayeandika maelezo haya amekifungua sasa hivi mbele yangu na kuniuliza kama navitambua vilivyomo. Nakitambua kitabu cha picha cha watoto. Nilimuuzia mama mmoja aliyeandika kwamba mwanawe ameanza kusimama dede. Chini ya kitabu pana viatu vya mtoto, vya ngozi, vyote viwili vinaenea kwenye kiganja changu. Si vya dukani.

Niliomba kupumzika kidogo. Afande alinipa maji.

Naendelea. Mishono ya viatu hivi ni ya mume wangu. Naijua kama nilivyoujua mwandiko wa kila mtoto darasani kwangu. Cha kushoto, mshono umepinda karibu na kisigino. Aliufumua akaurudia, na matundu ya mara ya kwanza bado yanaonekana. Cha kulia umenyooka. Sikujua kwamba ameshika tena sindano. Nadhani alitaka kwanza ajihakikishie, ndipo aniambie.

Najua ninachosema kinamkandamiza. Nimeulizwa kama viatu hivi vimetengenezwa na mtuhumiwa. Nasema ndiyo, amevitengeneza yeye, kwa mkono ulioambiwa hautashona tena. Kama kuna nauli iliyopungua, tutailipa. Kama kibali kinaondolewa, nitapanga vitabu vyangu kibandani kwake, niviuze kwa wapita njia. Nimefurahi, afande, na sioni haya kufurahi kituoni.

Nina ombi moja. Viatu hivi visifungiwe kwenye kabati la vielelezo. Mtoto anayesimama dede hangoji kesi.

Nimesomewa niliyoyasema na ni yangu yote, pamoja na lile la mkoba.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA OFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya. Mkaguzi wa posta, aliyefika na kielelezo kituoni, naye ameyasikia na amesema haendelei na malalamiko. Ametoa onyo, na kibali kinabaki. Vifurushi vitatu vimerudishwa vikafungwe upya. Cha nne kimepimwa kwa nauli ya kawaida na kimeondoka na gari la posta la alasiri, viatu vikiwa ndani.

Kabla ya kifurushi hicho kufungwa, mtuhumiwa aliletwa mezani. Shahidi alimwonyesha kiatu cha kushoto, akamwambia, "Huu umepinda." Mtuhumiwa akajibu, "Nimeuona. Na wa kulia, Mwalimu?"

Shahidi aliushika mkono wa kulia wa mtuhumiwa, akachukua kalamu yangu bila kuomba, akamchorea alama ya vema kwenye kiganja.