Rangi ya Gauni la Mama Yako

Mume wangu Alen,

Makande yako jikoni, yapashe moto. Mvua ikija mwingize mbuzi.

Nimeshuka kupalilia karoti, sikukununia. Asubuhi uliponionyesha kwenye simu vifaa vya kompyuta yako ya kutengenezea picha, ulisema, "Bibi, nikichagua kioo hiki chenye rangi halisi, nitamtia mama rangi kwenye ile picha yake nyeusi na nyeupe. Gauni lake lilikuwa rangi gani?" Nikaondoka bila kujibu, ingawa gauni nililishona mwenyewe.

Lilikuwa la ~~kijani~~ ~~bluu~~

Sijui, mjukuu wangu. Kitendawili: nilimshonea, nikamvisha, nikamzika nalo, na silioni. Usijisumbue kutegua, jibu ni bibi yako. Wengine waliomwona nalo wamekwisha. Hata kioo kiseme kweli, nani ataitika kwamba ndiyo yenyewe?

Chukua kioo cha kawaida, kinawatosha maharusi unaowapiga picha. Ila ile kumbukumbu, uliyosema ikiwa ndogo mashine inakwama, chagua kubwa. Isije ikawa kama mimi.

Mama yako mwache hivyo hivyo, mweusi na mweupe.

Mkeo mzee,
Bibi