Mashine Iliyowashwa na Oda

Moshi,
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama shikamoo yake umfikishie kabla hujaendelea kusoma. Magoti yanaendeleaje? Nasikia umeanza tena kwenda shambani kwa baiskeli, nikafurahi na kuogopa kwa pamoja. Mvua huko Maswa zimefika, au pamba bado inasubiri? Mimi ni mzima wa mwili. Uchovu ndio umenizidi, wala sitakuficha.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukiniuliza habari za kazi nasema nzuri, na maneno yanaishia hapo. Haya nataka uyapate yote. Wewe uliyehangaika na mashine za kuchambua pamba mpaka ukastaafu utanielewa.

Kazi iliyonileta kwenye kiwanda hiki cha maziwa ni kuunganisha mashine na kompyuta za ofisini. Zamani msimamizi alihesabu pakiti, akaandika, na karatasi ikafika ofisini kesho yake, wakati watu wa mauzo wameshaahidi maduka maziwa ambayo hayapo. Sasa mashine yenyewe inaiambia ofisi imejaza kiasi gani na maziwa yana joto gani. Sehemu hiyo niliimaliza na watu wakafurahi. Ngumu ilikuwa ya pili: ofisi nayo iiambie mashine cha kufanya, oda ya duka ikiingia mashine ianze kujaza bila mtu kupiga simu. Nilimwambia meneja tusiifungue njia hiyo mpaka tufunge swichi ya ufunguo pembeni ya mashine, ili amri ya ofisi isifanye kitu kama aliyesimama pale hajageuza ufunguo. Akakubali. Swichi ikaagizwa Dar es Salaam, ikachelewa.

Siku moja nilipanda Kibosho kufunga kipimo kwenye tangi la kukusanyia maziwa ya wafugaji. Barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, nikakawia. Huku nyuma meneja, aliyekuwa anasukumwa na mwenye kiwanda, akamwagiza fundi wa kompyuta aifungue ile njia. Hakuna aliyewaambia watu wa kwenye mashine.

Mashine ya kujaza anaisimamia Mzee Aloisi, mtu wa hukohuko Kibosho, aliyekuwapo tangu kiwanda kinafunguliwa. Siku ile pakiti ilikwama kwenye taya za moto zinazobana na kuziba mdomo wa pakiti. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha, mashine ikasimama, akaingiza mkono kuitoa kama alivyofanya siku zote. Oda ikaingia ofisini. Taya zikafunga.

Baba, amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Kesho yake meneja aliniita kabla ya kikao na mwenye kiwanda. Hakunifokea. Alionekana hajalala. Aliniomba niseme kwamba mzee hakuzima swichi kuu ya umeme.

"Kabula, huo si uongo," alisema. "Kanuni imebandikwa ukutani."

Nikamjibu kwamba kweli si uongo, lakini sicho kilichomuumiza. Akanikumbusha taratibu kwamba mkataba wangu unaisha mwezi huu, na yeye ndiye anayependekeza nani aongezewe. Nilijua pia kwamba likisemwa kosa ni la mzee, atarudishwa nyumbani na mkono ule bila chochote.

Tukaingia kikaoni. Mwenye kiwanda, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliuliza nani aliwasha mashine.

"Hakuna aliyeiwasha," nilisema. "Oda iliingia ofisini, mashine ikatii. Miaka yote kile kitufe kilimtosha Mzee Aloisi, kwa sababu hakukuwa na wa kuiwasha ila aliyesimama pale. Sisi tumembadilishia mashine bila kumwambia."

Meneja akainamia mikono yake. Yule mama aliniuliza kama nina uhakika, nikasema ninao. Akaagiza njia ifungwe siku ileile, mzee atibiwe na kiwanda na alipwe fidia kama mtu aliyeumia kazini. Akipona awe anapokea maziwa getini.

Swichi imeshafika. Nimeifunga wiki hii na kuijaribu mpaka macho yakaniuma. Meneja ananisalimia, basi. Mkataba sikuongezewa.

Jana nilipanda kumwona mzee. Nyumba yao iko katikati ya kihamba, shamba lao la ukoo, migomba na kahawa mpaka mlangoni. Mkewe, Mama Flora, aliniletea mtori wa moto, supu yao ya ndizi na nyama. Nilikuwa nimejiandaa kutoa pole nyingi, lakini mzee akataka kujua kama mashine bado inavuja upande wa nyuma, na nani sasa analifunga bomba linalovuja. Nikawa namjibu huku nakula, na katikati ya maneno nikasinzia. Nilipozinduka nimefunikwa blanketi, bakuli limeondolewa, na yeye amekaa palepale, mkono wenye bandeji juu ya mto.

"Mwanangu, wewe umechoka kuliko mimi," alisema. "Nenda kwenu kwanza."

Nililia, Baba, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mama Flora hakuniambia ninyamaze.

Basi narudi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo sijui nitafanya nini, na kwa sasa sina nguvu ya kufikiria. Mama asihangaike na mapishi, anitandikie tu kitanda.

Nisalimie dada yangu mwalimu na wanawe, shangazi anayeuza dagaa sokoni, na jirani yetu fundi baiskeli. Wakikuuliza mbona nimerudi mapema, usinitafutie sababu ya kuwaridhisha. Waambie kama nilivyokueleza.

Mwanao akupendaye,
Kabula