Maktaba Ndani ya Eda

Jumatatu, 7 Juni 1999

Siku ya thelathini na moja ya eda. Leo pia sijalia. Nimekunja nguo za marehemu mume wangu, nikazikunjua, nikazikunja tena. Abdurahman alikufa ngozi ikimbambuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mama mkwe anasema ni jirani yetu Mbeyu, ati kwa ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Mbeyu! Aliyeninywesha uji siku ya mazishi.

Jumanne, 8 Juni

Nimewasha kompyuta. Gillian alituachia alipofunga ofisi yake ya utalii Diani — wageni hakuna tangu fujo za mwaka juzi. Mimi nilikuwa karani wake. Akaniachia na namba ya kadi ya maktaba ya mji wao, Kanada. Ukiiandika, unasoma majarida yao ukiwa kwako. Mwenye eda hatoki, basi maktaba imekuja kwetu Bongwe kwa waya wa simu.

Nikaandika kwa Kiingereza: homa, vidonda vya mdomo, ngozi kubambuka. Ukurasa ukafika nusu. Mama mkwe akanyanyua simu ampigie dadake wa Munje — laini ikakatika! Akauliza mbona simu inalia kama paka. Nilitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

Jumatano, 9 Juni

Mvua. Laini imekufa. Shemeji Chirau amekuja kumwambia mamake: Jumamosi Mbeyu ataletwa ale kiapo cha papai. Akiwa mchawi, atavimba. Akikataa, atachomewa nyumba. Alisema polepole, kama anayepanga kwenda sokoni.

Alhamisi, 10 Juni

Nimeipata. Muhtasari wa makala tu, mistari kumi na miwili. Vidonge vya malaria vyenye salfa: mara chache sana mwili huvikataa, midomo ikachubuka, ngozi ikabambuka. Aliyewahi kutoka upele kwavyo asipewe tena kamwe. Nimeisoma na kamusi mkononi, nisijidanganye.

Mwezi wa pili alivimeza. Akatoka upele, midomo ikachubuka. Nikasema ni joto. Dozi ya pili nikaiweka kabatini. Mwisho wa Aprili homa ikarudi, nikampa ile ile. Hakutaka. Nikambembeleza kama mtoto.

Ni mimi. Naandika, na bado sijalia. Najiogopa.

Ijumaa, 11 Juni

Mbeyu amekuja mlango wa uani. "Hafsa mwanangu, hilo papai nitalila. Sina la kuficha. Nataka kujua tu, nawe waniona mchawi?"

"La, mama."

Akangoja. Akaenda zake.

Jumamosi, 12 Juni

Saa tatu asubuhi. Wazee wako barazani, mimi nyuma ya pazia. Papai limewekwa kwenye sahani yangu. Mbeyu amevaa leso mpya, yuko peke yake. Chirau ameuliza kupitia pazia: "Shemeji, una neno kabla hatujaanza?"

Nimesema ninalo.

Muhtasari nimeunakili kwa Kiswahili, uko mapajani. Naandika haya ili mkono uwe na kazi. Neno la kwanza ni "nilimpa". La pili sijui.

Mama mkwe ameingia. Amekaa kwenye mkeka, amenikumbatia mabega. Anasema: "Sema, mwanangu. Usimwogope Mbeyu. Mimi niko nawe."