Ekzosi ya Hemedi

Gerejini, Kilindoni
Jumatano

Kaka Hemedi,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa madoa ya grisi, nakuandikia kazi ikiwa bado mkononi.

Vifaa ulivyotuma kutoka Dar, vya kufunga kwenye gari lako la mbio ulilotuachia, vimefika. Springi zimekaa vizuri. Tatizo ni stebilaiza mpya, kile chuma cha chini cha kuzuia gari lisilale kwenye kona: ni nene, inagusa ekzosi, na gari likitembea panagonga kama mtu anatwanga kisamvu. Uliniambia nikishindwa niikate ekzosi yako kubwa, nifunge ya kawaida. Leo nimeshika msumeno, kisha nikauweka chini. Nimechomelea vishikizo vipya, ekzosi imeshuka vidole viwili na haigongwi tena. Kwenye matuta utakwenda taratibu.

Sababu ni hii. Jana nililipeleka gari nyumbani ili nisikilize linagonga wapi. Mama alikuwa barazani anachambua mchele kwa kupapasa, maana macho, kaka, yamekwisha kabisa tangu mfungo sita. Alitukataza tusikwambie. Aliposikia muungurumo wa ekzosi yako tangu kule konani, alijitengeneza kanga, akasogea kwenye mkeka akakuachia nafasi. Nikazima injini. Sijafungua hata mdomo, akaitika, "Marahaba, Hemedi. Mbona umekawia hivi?"

Sikuweza kumwambia kuwa ni mimi.

Gari liko tayari. Njoo uitoe hiyo shikamoo mwenyewe, yeye ameshaiitikia.

Mdogo wako,
Maliki