Binti Yangu Ananilisha Samaki Mbichi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumamosi haijanifikia. Mimi ni mama wa msichana anayetengeneza sushi, chakula cha Kijapani, kwenye hoteli kubwa, ile ambayo mlango unafunguliwa na mtu aliyevaa glavu, na si kwamba najisifu lakini chuoni walikuwa kumi na wanne na yeye ndiye aliyeshika namba moja, hata kisu chake hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Sasa mshauri, mimi nimekaanga samaki miaka ishirini na mitano, ndiyo kazi iliyomsomesha, na mteja akisema samaki hajaiva vizuri nilikuwa silali. Leo mwanangu huyohuyo ananiletea samaki mbichi, anang'aa, amelazwa juu ya wali wa baridi kama mgonjwa, eti mama kula. Mara ya kwanza nilitia kipande mdomoni, kikateleza huku na huku, ulimi unakikwepa, mwisho nikakitema kwenye leso. Mara ya pili nikasubiri aondoke nikavikaanga vyote pamoja na huo wali, wifi yangu akaja akala akajilamba vidole, basi nikampigia binti nikamwambia tumemaliza sahani nzima, na huo si uongo. Kumbe najiponza. Jumamosi bosi wao anachagua mpishi mkuu, kila mpishi aje na mtu wa kwao wa kuonja mbele ya wageni, na yeye kanichagua mimi. Nikikunja uso nimemwaibisha, nikikataa nimemvunja moyo. Nifanyeje?

Mama wa Mpishi

Mama wa Mpishi, nimecheka, kisha nikakuonea huruma, sasa acha nikugombeze. Huo ni uongo, mama, umeukaanga tu. Na unadhani alikuchagua kwa sababu unapenda sushi? Nani alimfundisha kutazama jicho la samaki na kufunua mashavu kabla ya kununua? Bila ujuzi huo hakuna hoteli itakayothubutu kumpa mgeni samaki mbichi. Mpigie leo, si kesho. Mwambie ulitema, mwambie na wifi alikula nini. Atacheka au atanuna mpaka jioni, yote yatapita kabla ya Jumamosi. Muombe akutengenezee ya yai au ya kamba waliochemshwa, maana si kila sushi ni mbichi, na hilo ungelijua kama ungemuuliza. Akisema wageni wanataka kuona mbichi ikiliwa, mwambie amchukue baba yake au rafiki, nawe uombe kiti cha mbele kabisa, ukae hapo umtazame akikata.