Kabla Hawajaja Kukulilia

Waithaka, Nairobi
Jumapili jioni

Kwa mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mguu umepoa? Na mvua haijakuharibia njugu ulizoanika? Mimi mwili ni mzima. Ningekupigia simu, lakini wewe hupokei ila kwa spika, na majirani husikia mambo yangu kabla yako. Ndiyo maana nimemwomba mjomba, anayesafiri kesho asubuhi, akuletee barua hii. Mdogo wangu Nekesa akusomee, mkiwa mmefunga mlango.

Mama, mtu akija hapo nyumbani na unga na sukari, huku analia, usishtuke. Anakulilia wewe. Mimi ndiye niliyesema umekufa.

Unakumbuka ile kozi ya biashara ya vijana kule Westlands? Kila Jumamosi nilifunga meza yangu ya siagi ya njugu pale Kilimani, nikaenda kufundishwa kuuza na watu ambao hawajawahi kuuza hata kiberiti. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mamangu vizuri kabisa, na bado nikaufuata ulimwengu mwenyewe kwa miguu yangu. Mshindi angepewa mashine ya kazi yake, na mikono yangu imechoka na jiwe la kusagia.

Mwalimu wetu, kijana wa viatu vyeupe, alisema mteja hanunui bidhaa, ananunua stori. Nikampa yangu: jinsi ulivyonifundisha kukaanga njugu kwa moto mdogo, kupepeta maganda na kusaga mara mbili.

“Na mum bado yuko?” akauliza.

“Yuko.”

“Aah, sasa hiyo stori haina uzito. Na buda?”

“Baba alifariki nikiwa mdogo.”

“Poa! Si useme tu wote walienda, ukabaki na hiyo jiwe pekee yake? Ni stori tu, hakuna mtu ataumia.”

Kwetu hatumwiti mzazi aliye hai marehemu, hata kwa mzaha. Nilijua. Hata hivyo nilisimama mbele ya kamera zao nikasema, “Mama alipofariki aliniachia jiwe hili,” na machozi yakanitoka, ya kweli, maana nilikuwa nakuona umeketi pale jikoni. Walinipigia makofi, wakaisambaza video. Ijumaa mwanamke mmoja wa kanisa letu la huko nyumbani, anayeishi huku Nairobi, alinipigia akilia, ananilaumu kwa nini sikumwambia siku ya mazishi. Nilimwambia wewe ni mzima. Alikuwa ameshawapigia wengine. Usiku huo nilijichukia, Mama.

Jana ilikuwa fainali, hotelini, mbele ya majaji na wafadhili. Mwalimu alitaka nirudie vilevile. Nilipopanda jukwaani nikasema mama yangu yu hai, anauza njugu sokoni, na kila ninachojua kuhusu njugu nimekipata kwake. Nikaomba radhi. Jaji mmoja akanishukuru, kisha akasema hawawezi kumwamini mtu aliyewadanganya mara moja. Hapo alikuwa na haki. Lakini yule mwalimu! Mlangoni, wafadhili wakisikia, alitikisa kichwa na kuniambia, “Sisi tuliwafunza mseme ukweli.” Nikashika njia.

Nisalimie Nekesa, nisalimie shangazi na babu. Mchungaji mwambie mapema, asije akakutaja kwenye maombi ya wafiwa. Wengine wakija waonyeshe uso wako na uwape chai, na ukinitukana mbele yao sitalalamika.

Limebaki moja, na hili hakuna aliyenifundisha. Mashine ilimwendea kijana mshona viatu, mtu mpole, aliyekaa karibu nami kozi nzima. Wazazi wake wote wawili wamekufa kweli. Aliposimulia, watu walilia, na majaji wakaandika haraka haraka. Mimi nilikuwa nyuma, Mama, nikimtazama, na nikamwonea wivu wa misiba yake. Nisamehe hilo kwanza. La video nitalijibu nikija.

Mimi mwanao,
Nafula